Maji Yanapoangusha Mlima

Tukisikia mlima umeporomoka, wengi wetu husema ni mvua basi. Ni kweli, lakini hilo ni nusu ya jibu. Mvua kubwa hunyesha Kano pia, na huko shida yao ni mafuriko, si kilima kuangukia nyumba. Katika makala haya nitajaribu kueleza yanayotendeka ndani ya ardhi kabla mteremko haujaachia. Somo hili lipo katika Jiografia, ila tumezoea kulikariri kwa ajili ya mtihani tu.

Hebu tuanze na mchanga. Mwaga mchanga mkavu juu ya sinia. Utafanya kichuguu chenye mteremko wa digrii 30 na kitu, na ukizidi kumwaga, unateleza. Sasa ulowanishe kidogo. Unaweza hata kujenga ukuta uliosimama wima! Endelea kutia maji mpaka yajae kabisa, na ukuta wote unabomoka kuwa uji. Maji ni yale yale, mbona yafanye kazi mbili? Yakiwa machache huwa kama utando unaozivuta punje pamoja. Yakijaza kila upenyo huzisukuma punje zisikandamizane, na msuguano uliokuwa ukizishikilia hupungua. Isitoshe, udongo wenyewe umekuwa mzito. Nguvu ya uvutano inauvuta chini kama siku zote. Kilichopungua ni cha kuuzuia.

Je, maji hayo hukaa wapi? Mvua huzama ardhini hadi ikutane na tabaka lisilopitisha maji kwa urahisi, kama vile mfinyanzi au mwamba usio na nyufa. Hapo hujikusanya na kupanda polepole, ndiyo maana kisima hujaa wakati wa masika na kushuka kiangazi. Yakipata mlango ubavuni mwa kilima, tunapata chemchemi. Mengine husafiri mbali sana. Mvua ya vilima vya Chyulu huzama katika miamba ya volkeno na kutokea kwenye chemchemi za Mzima, ambazo maji yake hupelekwa kwa mabomba mpaka Mombasa. Mwenzetu wa pwani akifungua mfereji, huenda anakunywa mvua iliyonyesha Chyulu.

Lakini kwenye mteremko mkali, tabaka hilo la chini huwa kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, miteremko iliporomoka katika vijiji vya Pokot Magharibi, vikiwemo Nyarkulian na Parua, na zaidi ya watu 40 wakafa. Mvua za vuli mwaka huo zilizidi kwa sababu upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko kawaida. Zilikuwa zimenyesha majuma mengi. Ardhi ilikuwa imeshiba, na ndoo iliyojaa haihitaji maji mengi ili imwagike. Mvua kama ile ikinyesha juu ya ardhi kavu, huenda isiangushe hata gogo.

Mito nayo ina mkono wake. Kijito hula mguu wa kilima kidogo kidogo, na mguu ukiliwa, kilicho juu hakina pa kuegemea. Kisha kijito hicho hicho hubeba mawe na matope na kuyatua pale bonde linapotandaa. Ukisimama chini ya ukingo wa Elgeyo, utaona matope hayo ya kale yametandazwa kama kipepeo cha jiko. Ndiyo ardhi nzuri ya mtama na maembe, yenye maji karibu, na watu wamejenga hapo kwa haki kabisa. Taabu ni kwamba njia iliyoleta udongo ule haijafungwa. Chesogon waliona mwezi wa Aprili 2020, mto ulipoteremka na mawe na kufagia soko.

Kuna wanaosema ati dawa ni kupanda miti tu. Mizizi hushona udongo wa juu, na miti hunywa maji mengi, kwa hivyo kukata msitu ni hatari. Lakini poromoko lenye kina huteleza chini ya mizizi na kuondoka na miti yake imesimama. Kwa maoni yangu, jambo tunalolisahau zaidi ni kuchimba mguu wa mteremko ili kupata kiwanja cha nyumba au barabara. Tunafanya kazi ya mto, tena kwa haraka kuliko mto wenyewe.

Wenzetu mnaotoka milimani, mkienda likizo tazameni haya: ufa mpya unaokata shamba kwa upana, hasa ukiongezeka, mlango ambao ghafla haufungi, miti na nguzo za ua zilizoanza kuinama, chemchemi mahali ambapo haikuwepo, au ya zamani iliyogeuka matope. La kutisha kuliko yote ni kijito kupungua ghafla huku mvua bado inanyesha, maana huenda kimezibwa huko juu na kitafumuka. Hapo waambie wazee, na msingoje asubuhi. Msikimbie kufuata bonde kuelekea chini, kwa sababu matope yatawapita. Kimbilieni pembeni, mpande mahali palipoinuka.