Nani Asimamaye Dirishani? Dhana ya Nafsi katika Falsafa ya Magharibi na Nafasi Yake katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna wanafalsafa wa Magharibi walivyoielewa nafsi, na iwapo uelewa huo unamtosheleza mhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Tutatumia mfano wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, ulioko Changamwe, Mombasa bara. Msafiri afikapo dirishani kwa afisa wa uhamiaji hukabiliwa na swali kongwe: wewe ni nani? Afisa hulinganisha uso na picha iliyopigwa miaka kadhaa iliyopita. Uso umebadilika, lakini muhuri unagongwa. Afisa amekubali kwamba mtu ni yule yule. Kwa hoja gani?

Mitazamo ya Wanafalsafa

René Descartes (1641) angesema kwamba picha haina uzito. Kwake, nafsi ni kile kinachofikiri. Mtu aweza kuushuku mwili wake wote, ila hawezi kushuku kwamba yupo anayeshuku. John Locke, katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye kitabu chake kuhusu akili ya binadamu, alishikilia kwamba mtu hubaki yule yule kadiri ufahamu wake unavyoyafikia matendo yake ya zamani. Thomas Reid (1785) aliipinga hoja hii. Jemadari mzee anakumbuka ushujaa wa ujana wake. Alipokuwa kijana alikumbuka alivyochapwa utotoni. Sasa kuchapwa huko amekusahau. Je, jemadari si yule mtoto?

David Hume (1739) alikwenda mbali zaidi. Alipojichungua alikuta joto, baridi, mapenzi na chuki, asimwone mwenye hisia hizo. G. W. F. Hegel (1807) naye alidai kwamba nafsi hujitambua kwa kutambuliwa na nafsi nyingine. Hegel ndiye aliye karibu zaidi na dirisha letu, kwani pale msafiri hathibitiki mpaka mwingine amkubali.

Nafsi katika Sarufi na Fasihi

Neno nafsi lina asili ya Kiarabu, na wanasarufi wa Kiswahili wamelitumia kutajia ni-, u- na a-. Descartes aliianza safari yake na nafsi ya kwanza pekee. Sarufi huziweka tatu pamoja. Aidha, katika kitenzi "najijua", mjuaji na mjuliwa ni mmoja aliyegawika mara mbili. Hume alimkosa -ji-, lakini aliyemtafuta alikuwa ni-. Hata hivyo, tusiharakishe kuigeuza sarufi kuwa falsafa, kwa kuwa Kiingereza nacho kina nafsi tatu.

Tahadhari hiyo hiyo inahitajika katika uhakiki. Kwa mujibu wa John Mbiti (1969), Mwafrika huwepo kwa sababu jamii yake ipo. Lakini Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji (1974) cha Euphrase Kezilahabi, ana wazazi, kijiji na mke, na bado anajiua. Jamii ipo, ila haimwokoi. Anayemsoma kwa Mbiti pekee hatauelewa upweke wake. Anayemsoma kwa Descartes pekee hataona kwamba upweke huo unauma kwa sababu ya watu waliomzunguka.

Hitimisho

Suala hili si la darasani tu. Kupitia uwanja huo huo, vijana wa Pwani husafiri kwenda kufanya kazi nchi za Ghuba, ambako baadhi ya waajiri wamekuwa wakiwanyang'anya wafanyakazi pasipoti zao. Iwapo nafsi ni hati, basi aliyepokonywa hati amepokonywa nafsi. Locke angempa kumbukumbu zake, na Descartes fikira zake. Zote ni zake kweli, lakini hazimfungulii mlango. Anachonyimwa ni kile alichokitaja Hegel, yaani kutambuliwa. Kwa hivyo, mhakiki anapomchambua mhusika, asiishie kuuliza "huyu ni nani?" Aulize pia: nani anamtambua, na nani ana uwezo wa kukataa kumtambua?