Mtoto Anayesemea Puani

Mtoto akisema kwa king'ong'o kila mtu nyumbani ana sababu yake: amelogwa, karithi kwa babu, ulimi ni mzito. Mwezi huu tutazame mahali ambapo wachache hutazama, yaani juu ya kinywa, upande wa nyuma.

Pitisha ulimi juu ya kinywa chako. Mbele kaakaa ni gumu, nyuma ni laini, na mwisho wake kinaning'inia kimio. Kaakaa laini ni misuli. Tunapomeza au kusema hupanda, likagusa ukuta wa koo na kufunga njia ya pua. Sauti za m, n na ng' hupitia puani, lakini p, b, t, k na s zahitaji pumzi ikusanyike kinywani. Kaakaa lisipofunga, pumzi hutorokea puani, na mtoto anayeita "baba" husikika akiita "mama". (Akina mama, msifurahi mapema!)

Mara nyingi chanzo ni mpasuko wa kaakaa aliozaliwa nao. Mpasuko wa mdomo huonekana na kila mtu, huu hujificha. Mwingine hata umefunikwa na ngozi, na pengine dalili ni kimio kilichogawanyika mara mbili tu. Basi kinywa cha kila mtoto mchanga kimulikwe kwa tochi, kisipapaswe kwa kidole tu. Maziwa yakimtokea puani kila anyonyapo, mleteni hospitali.

Kuna haraka gani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulihusu watoto 558 wa Ulaya na Brazili wenye mpasuko wa kaakaa peke yake. Kwa kura, wengine walipangiwa kushonwa wakiwa na miezi 6, wengine miezi 12. Walipofika miaka 5, usemi wao ulipimwa na wataalamu wasiojua nani alikuwa kundi lipi. Kaakaa halikufunga vizuri kwa watoto 21 kati ya 235 wa miezi 6, na 34 kati ya 226 wa miezi 12. Si ajabu: "ba-ba" na "da-da" huanza kabla ya mwaka kwisha. Lakini watoto hao walikuwa na afya ya kutosha kwa upasuaji, na dawa ya usingizi kwa mtoto mdogo yataka mtaalamu. Wa kwetu aliye dhaifu alishwe kwanza, kwa kikombe au kijiko, uzito upande.

Kukata kimio, kama wafanyavyo baadhi ya waganga wa jadi, hakutibu king'ong'o. Huleta damu nyingi na pepopunda, na kisu kikizidi hulijeruhi kaakaa lenyewe. Kupuliza maputo na filimbi nako hakulitii nguvu.

Aliyechelewa asikatiwe tamaa. Hushonwa hata akiwa mkubwa, ila atahitaji kufundishwa kutamka upya, maana amezoea kutolea sauti kooni. Masikio yake pia yapimwe, kwani misuli hiyo hiyo husaidia kuyapitishia hewa, na wengi wa watoto hawa hujaa maji sikioni wasisikie vizuri.