Jembe la Mgeni: Mafunzo Niliyopata Kazini Korea

Watanzania wengi tuliijua Korea Kusini kwa tamthilia, simu na friji. Siku hizi tumeongeza Daraja la Tanzanite, lililojengwa kwa mkopo wa Korea, na reli ya SGR, ambayo vichwa vyake vya umeme na ile treni tuliyoibatiza "mchongoko" vimetoka Hyundai Rotem. Miradi ya namna hiyo ndiyo iliyonipeleka Seoul, katika kampuni moja ya uhandisi iliyokuwa na idara ya zabuni za Afrika. Ghorofa nzima, Mwafrika nilikuwa peke yangu. Anayefungasha begi achukue hapa yatakayomfaa.

1. Mwaka wako wa kuzaliwa si siri

Mara ya kwanza kula mchana na wenzangu, supu haijapoa, nikaulizwa nimezaliwa mwaka gani. Usidhani ni umbea. Mkorea asipojua nani mkubwa, hajui aseme nawe vipi, maana kitenzi chenyewe hubadilika kwa kumtazama anayeambiwa. Hadi Juni 2023 walikuwa na hesabu yao: mtoto anazaliwa ana mwaka 1, na kila Januari mosi nchi nzima inaongeza mwaka kwa pamoja. Sheria imehamia kwenye hesabu tunayoijua sisi, lakini mezani mwaka bado unaulizwa.

Aliyelelewa kwa shikamoo ana nafuu hapa. Nimewaona Wazungu wakitokwa jasho kwa swali hilo. Ila kwetu mkubwa akishaitikia marahaba, mnakaa, hata utani unaingia. Kule tofauti ya mwaka mmoja mnapanda nayo lifti na mnaingia nayo kikaoni, na jioni itaamua nani ashike glasi kwa mikono miwili.

2. Cheo ndicho jina

Ngazi za ofisi ya kawaida zinapanda hivi: sawon, daeri, gwajang, chajang, bujang. Mkuu wa idara yetu alikuwa Bujang-nim, basi. Jina lake nililisoma kwenye barua pepe tu. Kampuni kadhaa za teknolojia zimeanza kuachana na utaratibu huu, yetu haikuwemo. Mimi nilikuwa na mkataba wa mtaalamu, sina ngazi, kwa hiyo niliitwa kwa jina langu. Inapendeza mwanzoni, unajiona umekaribishwa. Halafu unagundua kwamba asiye na ngazi hana wa chini wa kumtuma wala wa juu wa kumtetea.

3. Kikao ni cha kubariki

Nilizoea vikao vya kwetu: watu wanabishana, mwenyekiti anagonga meza, chai inaletwa, mnaendelea kubishana. Seoul kikao kilikuwa kimya. Daeri anasoma slaidi, bujang anauliza maswali mawili, watu wanaandika, kwisha. Hakuna kijana atakayempinga bosi mbele ya watu.

Maamuzi yalikuwa yamekwishafanyika. Hati inapita kwa wahusika mmoja mmoja kwenye mfumo wa idhini, kila cheo na kisanduku chake juu ya ukurasa, na kabla haijafika kwa mtu ameshanong'onezwa kilichomo. Minong'ono hiyo hufanyika ngazini kwa wavuta sigara, au kwenye foleni ya kahawa baada ya chakula. Hata Januari, nje nyuzi joto ziko chini ya sifuri, watu wanashika Americano ya barafu. Sipendi kahawa baridi, na sijabadilika. Nilikunywa.

4. Ukisamehewa mno, shtuka

Hoesik ni chakula cha jioni cha idara, kwa kadi ya kampuni. Mara nyingi ni samgyeopsal, nyama ya tumbo la nguruwe, inayochomwa katikati ya meza. Kitimoto naila; pombe, kwa imani yangu, sinywi. Nilijiandaa kwa vita. Haikuwepo. Bujang alipunga mkono, "huyu mgeni," nikawekewa soda. Sawon aliyeajiriwa mwaka uleule na mimi hakupata msamaha huo: alimimina soju kwa mikono miwili, alimiminiwa, aligeuza uso pembeni ili asinywe akitazamana na mkubwa, na glasi yake haikukaa tupu. Wenzangu walipohamia baa kwa raundi ya pili, mimi niliitiwa teksi kwa upole mwingi, nikapumzike.

Asubuhi yake mgawanyo wa kazi za zabuni mpya ulikuwa umebadilika. Ulijadiliwa raundi ya pili.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule jembe haliletwi. Unaweza kukaa miaka ukiwa mgeni wa siku ya kwanza: kila mtu anakutabasamia, hakuna anayekutuma, na hakuna anayekuhesabu. Jembe la hoesik nililiona kwenye koleo na mkasi. Mdogo wa meza ndiye mchomaji. Anageuza vipande kwa koleo, anavikata kwa mkasi palepale juu ya kikaango, anamsogezea mkubwa kilichoiva kwanza, na yeye anakula mwisho, nyama imeshakauka. Jioni moja nilinyoosha mkono nikachukua koleo na mkasi kwa yule sawon. Meza ikacheka. Daeri akaniambia nageuza mapema mno, nisubiri mafuta yatoke. Gwajang akasema vipande vyangu ni vya harusi. Kukosolewa na watu wale, baada ya miezi ya kusifiwa kwa kushika vijiti tu, kulinifurahisha kuliko barua yoyote ya pongezi. Teksi yangu siku ile iliitwa baada ya raundi ya pili, na soda yangu nilikuwa nayo.

Yapo ya kulalamikia. Mwenye mtoto mchanga nyumbani anatoka saa ngapi? Wanawake wa idara yetu waliondoka mapema, nao walikuta mambo yameshaamuliwa. Kuyajua mazoea haya sijasema ni kuyapenda.

5. Saa ya sheria na saa ya bosi

Tangu 2018 sheria inaweka ukomo wa saa 52 kwa wiki: 40 za kawaida na 12 za ziada. Kwetu kompyuta zilijizima zenyewe jioni. Watu wakabaki wamekaa mbele ya skrini nyeusi, wanapanga karatasi, hadi bujang avae koti. Mimi niliambiwa niende tu. Nilikwenda, na hilo sikutafuta kulibadilisha.

6. Beba mswaki

Saa sita mchana ofisi nzima inatoka, saa saba kasoro dakika 10 wote wako chooni wanapiga mswaki. Kimchi ina vitunguu saumu vya kutosha, utaelewa.

7. Bibi wa takataka hamjui mgeni

Nyumbani hakukuwa na msamaha wowote. Tangu 1995 takataka za kawaida Korea zinatupwa kwenye mifuko maalumu inayouzwa kwa ajili ya mtaa wako, ili anayetupa zaidi alipe zaidi. Mabaki ya chakula yana pipa lake, plastiki lake, karatasi lake, na chupa angavu unazibandua lebo kwanza. Jengo letu lilikuwa na halmeoni, bibi wa makamo ya nyanya yangu, aliyesimama pale mapipani kama afisa wa forodha. Alinisimamisha, akaniambia nifungue mfuko wangu wa mabaki ya chakula, akachomoa mfupa wa kuku kwa vidole viwili na kuuinua hadi usawa wa macho yangu. Chakula kinachokusanywa hutengenezewa lishe ya mifugo. Nguruwe atautafunaje huu? Mfupa ni taka ya kawaida. Ganda la yai pia. "Chonggak," aliniita, kijana, kama anavyoitwa kijana yeyote wa mtaa ule, akanirudisha ndani nikachambue upya. Sikuwahi kupata mwalimu wa Kikorea bora kuliko yeye.

8. Kadi kwanza, nyumba baadaye

Kadi ya ukazi unaiomba ndani ya siku 90. Kabla hujaipata, benki na mkataba wa simu ni tabu, na bila simu yenye jina lako huwezi hata kuagiza chakula mtandaoni. Nyumba nayo inadai amana kubwa. Kuna jeonse, ambapo unamkabidhi mwenye nyumba kitita kizito, hulipi kodi, na unarudishiwa chote mkataba ukiisha. Kwa mtu anayetoka Dar na mkoba mmoja hiyo ni hadithi. Wengi wetu tunachukua amana ndogo na kodi ya mwezi. Jadili amana na mwajiri kabla hujasaini kazi. Ukishafika, nguvu ya kujadili imekwisha.

9. Dai kiinua mgongo

Aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi anastahili, anapoondoka, kiasi cha mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Nilipoaga, ofisa utumishi alianza kunieleza kwa upole kwamba mikataba ya wageni ina utaratibu wake. Nilimwonyesha kipengele cha sheria kwenye simu, kwa Kikorea. Alikisoma, akaomba radhi kwa cheo changu ambacho sikuwa nacho, akaenda kupiga hesabu.