Jeraha na Mbalanga

Mkulima wa migomba katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, hamalizi msimu bila michubuko. Panga huteleza, mkungu hukwaruza bega, mafiga humuunguza mpishi. Kwa watu wengi ngozi hupona na kurudia rangi yake. Kwa mwenye mbalanga, mahali palipoumia huweza kuwa peupe baada ya majuma kadhaa, na doa jipya hufuata umbo la jeraha: mstari pale wembe ulipopita, mkanda pale kamba ya nguo inapobana kiuno.

Hali hii hujulikana kwa jina la Heinrich Köbner, tabibu wa Kijerumani wa mji wa Breslau. Katika miaka ya 1870 alieleza jinsi ugonjwa mwingine wa ngozi, soriasisi, ulivyozuka juu ya mikwaruzo, chale za wino na hata alama za meno ya farasi. Baadaye ilibainika kuwa mbalanga nayo ina tabia hiyo hiyo.

Sababu yake imo katika seli zitengenezazo rangi, ambazo hukaa chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi. Mbalanga hutokea pale askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, wanapozishambulia seli hizo kana kwamba ni adui. Ngozi ikijeruhiwa, au ikipata mchochota (kuvimba, kuwa moto na kuwasha), hutoa kemikali za kuita msaada. Askari hufika, na kwa mgonjwa huyu, miongoni mwao wamo wale waliokwisha kuzoea kuua seli za rangi. Isitoshe, seli hizo kwake hazikushikamana barabara na jirani zake, hivyo msuguano mdogo wa kila siku huweza kuzing'oa. Ndiyo maana viwiko, magoti na vifundo vya vidole huathirika sana.

Hapa ndipo tiba isiyo sahihi inapodhuru. Anayelisugua doa kwa jiwe, anayelichanja, au anayelipaka dawa ya kubabua, hulipanua. Hata mpira una lawama yake: mwaka 1939 huko Marekani iliripotiwa kuwa wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi walipoteza rangi ya mikono kwa sababu ya kemikali iliyokuwamo katika glavu zao.

Mbalanga haiambukizi, wala si ukoma. Doa la ukoma aghalabu hufa ganzi. La mbalanga huhisi hata unyoya wa kuku. Mahali penye vinyweleo rangi huweza kurudi kwa vitone vitone, kwa kuwa akiba ya seli hubaki katika mashina yake. Katika ncha za vidole, pasipo na vinyweleo, hurudi kwa nadra. Dawa za kupaka za kutuliza mchochota na tiba ya mwanga hufaa zaidi zikianza mapema, kabla akiba hiyo haijakwisha.