Mabuti ya Mpira Katika Mazizi ya Farasi: Jinsi ya Kutambua Kasoro Mapema

Kipeperushi hiki kimeandaliwa kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaofanya kazi katika mashamba ya farasi ya jimbo la Kentucky, hususan yale yanayouzunguka mji wa Lexington. Miongoni mwao wamo watu waliolima na kufuga kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Marekani. Hata hivyo, kusafisha zizi la farasi asubuhi ya Januari, katika tope, theluji inayoyeyuka na mkojo, ni kazi ya namna yake, na mguu ndio unaoumia kwanza.

Mfanyakazi ambaye buti lake linavuja kwa kawaida huvumilia. Huvaa mfuko wa plastiki juu ya soksi na kusubiri malipo ya mwisho wa mwezi. Tunaomba usifanye hivyo. Maji ya zizini si maji ya mvua, na kasoro nyingi za buti huonekana wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza kupenya.

Kwa nini mabuti huchakaa upesi zizini

Mkojo wa farasi una urea. Bakteria waliomo katika samadi huigeuza urea hiyo kuwa amonia, ile harufu kali inayochoma pua mlango wa zizi unapofunguliwa alfajiri. Amonia huharibu ngozi ya viatu, hula nyuzi za mishono na kudhoofisha gundi. Ndiyo sababu viatu vizuri vya ngozi vinavyodumu katika kazi ya ujenzi huweza kufumuka mapema mno zizini.

Mpira hustahimili zaidi, ingawa mipira haifanani. Mpira wa asili ni mlaini na hukunjika vizuri hata wakati wa baridi, lakini jua na hewa huupasua polepole. Buti linaloachwa nje ya mlango kiangazi kizima huota nyufa ndogondogo kama udongo uliokauka. Mabuti ya plastiki ya PVC ni ya bei nafuu na huoshwa kwa urahisi, ila hukakamaa katika baridi kali na kupasuka pale yanapokunjwa. Aina ya tatu ni poliyurethani, ambayo ni nyepesi na hutunza joto. Udhaifu wake hauonekani dukani: unyevu huivunjavunja kwa miaka, hata kama buti limekaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa hiyo, ukinunua buti la mtumba lenye soli ya aina hii, likunje kwa nguvu kabla ya kulipa. Soli inayomeguka kama mkate mkavu haifai, hata ikiwa buti linaonekana jipya kabisa.

Unga mweupe unaojitokeza juu ya mpira wa asili si kasoro wala ukungu. Ni viambato vya mpira wenyewe vinavyotokeza juu, na hufutika kwa kitambaa. Watu wametupa mabuti mazima kwa sababu hiyo.

Mahali pa kutazama

Mara moja kwa juma, osha mabuti, yakaushe, kisha yachunguze mchana penye mwanga. Anza na mkunjo ulio juu ya vidole, pale buti linapojikunja kila unapopiga hatua au kuchuchumaa. Ukunjue kwa vidole gumba viwili. Ufa mdogo ambao hauonekani mguu ukiwa umesimama utafunguka. Pitisha kucha katika kiungo cha soli na sehemu ya juu, kuzunguka buti lote. Kucha ikizama, gundi imeanza kuachia.

Kisigino kinahitaji jicho la pekee. Wengi wetu huvua buti moja kwa kulikanyaga kwa ncha ya jingine, na tendo hilo linalorudiwa kila jioni huchana mpira wa nyuma. Pembeni mwa mguu tazama alama za meno ya uma wa kuzolea samadi. Mwisho, geuza soli: kama michirizi yake imelika hata ikawa laini, buti litateleza juu ya saruji iliyoloa, na kuteleza karibu na miguu ya farasi mwenye uzito wa kilo 500 ni hatari kubwa kuliko kuvuja.

Ukiwa na shaka, jaza buti karatasi kavu za magazeti, lisimamishe katika ndoo ya maji yasiyofika ukingo wake, na usubiri saa moja. Toa karatasi. Zikiwa na unyevu mahali pamoja, hapo pana tundu. Zikiwa kavu kabisa, na bado soksi zako huloa kazini, basi hilo ni jasho. Tiba yake ni soksi za sufu na jozi ya kubadili mchana, wala si mabuti mapya.

Maji machafu yanapofika mguuni

Ngozi iliyoloa kwa saa nyingi hulainika, hujikunyata na kuchubuka. Hapo fangasi huota kati ya vidole, na kila mchubuko huwa mlango. Katika mkojo wa wanyama na madimbwi ya uani huweza kuwamo vijidudu vya homa ya mgunda, ambavyo huingia mwilini kupitia ngozi iliyochubuka. Mguu uliokaa katika unyevu na baridi unaweza pia kuharibika mishipa na neva hata kama hakuna barafu: madhara haya yameonekana katika nyuzi joto 16 za Selsiasi. Dalili ni ganzi, ngozi kupauka, kisha wekundu na maumivu mguu unapopata joto. Vua, kausha, funika kwa soksi kavu. Usisugue, wala usiweke mguu mbele ya hita.

Msumari wa kwato ni habari nyingine. Mbegu za pepopunda huishi katika udongo na samadi ya farasi. Isitoshe, msumari unaopenya soli yenye sponji iliyoloa husukuma ndani ya nyama bakteria waliokuwa wakiishi katika sponji hiyo, hivyo tundu dogo lisilotoka damu laweza kuoza hadi mfupani. Mtu mzima huhitaji chanjo ya pepopunda kila baada ya miaka 10. Akipata jeraha chafu, na chanjo ya mwisho imepita miaka 5, huchanjwa tena. Kama hukumbuki kuchanjwa, sema hivyo kliniki bila haya.

Matunzo na ukarabati

Suuza mabuti kwa maji na sabuni ya kawaida kabla ya kuondoka kazini, ili amonia isiendelee kula mpira usiku kucha. Yakaushe kwa karatasi za magazeti mahali penye kivuli na hewa. Joto la jiko au hita hufungua gundi. Usiyaingize ndani ya nyumba yenye watoto wachanga, kwani samadi huweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Tundu dogo katika mpira wa asili huzibwa kwa kiraka na gundi ya mipira ya baiskeli, baada ya kukwangua mahali pake kwa msasa. Gundi hiyo haishiki vizuri kwenye PVC. Ufa wa mkunjoni, kwa aina yoyote, hurudi baada ya siku chache, usipoteze fedha. Na buti la mpira, hata likiwa zima, lisitumike kupanda farasi: upana wake huweza kunasa katika kikuku cha tandiko ukianguka.

Nenda kliniki siku hiyohiyo ikiwa umechomwa na msumari, ikiwa mguu umevimba na wekundu unapanda, au ukipata homa na maumivu ya misuli siku chache baada ya kukanyaga maji machafu ukiwa na kidonda. Mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo; akague nyayo kila jioni. Taya likikaza au pumzi ikiwa nzito, piga 911. Hospitalini omba mkalimani wa Kiswahili. Huduma hiyo hailipiwi, na si lazima umlete mtoto wako akutafsirie.