Viuavijasumu wodini: maswali ambayo mgonjwa na jamaa zake wana haki ya kuuliza

Mgonjwa anapolazwa hospitalini, huenda miongoni mwa dawa za kwanza atakazopewa ni kiuavijasumu, au antibiotiki kama wengi wanavyoiita. Utafiti uliofanywa katika hospitali 14 za umma nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa waliolazwa walikuwa wameandikiwa dawa hizi. Dawa hizi huokoa maisha kila siku. Hata hivyo, zikitolewa pasipo haja, au zikiendelea baada ya kumaliza kazi yake, humdhuru mgonjwa wa leo na kumnyima tiba mgonjwa wa kesho.

Usugu hutokeaje?

Antibiotiki huua bakteria au huwazuia kuongezeka. Hazina nguvu dhidi ya virusi vinavyoleta mafua, na malaria ina dawa zake. Kila zinapotumiwa, bakteria dhaifu hufa, lakini wale wanaoweza kustahimili dawa hubaki na kuzaana. Huo ndio usugu.

Wodini usugu huenea haraka. Wagonjwa wako karibu karibu, dawa ni nyingi, na bakteria husafiri kwa mikono na vifaa. Wanaoumia zaidi ni wale wasio na nguvu ya kupambana na maradhi: watoto wachanga, walioungua moto na waliofanyiwa upasuaji. Katika hospitali nchini, bakteria aitwaye Klebsiella ni miongoni mwa wanaoongoza kusababisha maambukizi ya damu kwa watoto wachanga, na mara nyingi hasikii dawa za kawaida.

Makundi matatu ya dawa

Shirika la Afya Duniani (WHO) limezigawa antibiotiki katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la dawa za kutumiwa mwanzo kwa maambukizi mengi, kama vile amoksisilini, penisilini na gentamisini. Kundi la pili ni la dawa za tahadhari, kama vile seftriaksoni na meropenemu. Kundi la tatu ni la akiba, kama vile kolistini, ambalo huguswa pale dawa nyingine zimeshindwa.

Mnamo Septemba 2024, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030, angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza. Kwa hivyo, mgonjwa aliyepewa penisilini badala ya sindano ya bei ghali asidhani amepuuzwa. Huenda hiyo ndiyo dawa inayomfaa zaidi.

Siku ya tatu

Mgonjwa mahututi hangojei majibu ya maabara. Dawa huanzishwa mara moja, na inapowezekana damu huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza. Lakini baada ya saa 48 hadi 72, matibabu hayo yanafaa kuangaliwa upya. Je, mgonjwa amepata nafuu? Maabara imesema nini? Hapo daktari huamua kuacha dawa, kuendelea nayo, kuibadilisha, au kumhamisha mgonjwa kutoka sindano hadi vidonge.

Watu wengi huamini kwamba sindano ina nguvu kuliko vidonge. Kwa mgonjwa anayeweza kumeza na anayeendelea vizuri, vidonge mara nyingi hufanya kazi sawa. Tena, kanula inayokaa mshipani kwa muda mrefu inaweza kuwa mlango wa maambukizi mapya.

Funzo kutoka Thika

Katika hospitali ya Thika, wagonjwa wa upasuaji walikuwa wakipewa antibiotiki kwa siku kadhaa baada ya kutoka chumba cha upasuaji. Hospitali ilibadilisha utaratibu huo, dawa ikatolewa kabla ya kisu kugusa ngozi. Utafiti kuhusu mabadiliko hayo, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba maambukizi ya vidonda hayakuongezeka. Yale ya juu juu yalipungua. Gharama ya dawa na muda wa wauguzi wa kudunga sindano pia vilipungua.

Maswali ya kuuliza

1. Dawa hii inatibu maambukizi gani?
2. Itatolewa kwa siku ngapi?
3. Itaangaliwa upya lini?
4. Je, mgonjwa anaweza sasa kutumia vidonge?

Kuuliza si utovu wa adabu. Mweleze pia mhudumu ikiwa mgonjwa amewahi kudhuriwa na dawa yoyote, na dawa zote alizotumia nyumbani au kununua dukani kabla ya kulazwa. Usimletee mgonjwa antibiotiki kutoka nje bila daktari kujua. Nawa mikono kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa.

Mgonjwa asikatae dawa wala kuiacha kwa uamuzi wake mwenyewe. Akiruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge, avitumie kwa siku alizoandikiwa, asimgawie mwingine, wala asihifadhi vilivyobaki kwa ugonjwa mwingine. Homa ikirudi, kidonda kikitoa usaha, au mtoto mchanga akikataa kunyonya, arudi hospitalini siku hiyo hiyo.