Ndoana Moja Kando ya Mto Rufiji



Somo letu leo ni Yohana 21:1-14. Lisome kwanza kwenye Biblia yako, halafu urudi hapa tuendelee.

Kuna swali naulizwa sana na vijana wa jumuiya: "Unakaa mtoni saa tatu nzima, unarudi na perege wawili. Si afadhali ungesali rozari?" Swali zuri. Mimi naamini saa zile tatu zinaweza kuwa sala, kama tukijifunza mambo haya matatu.

1. TAZAMA KABLA YA KUVUTA

Utete ipo ukingo wa kusini wa Mto Rufiji. Maji yanayopita hapa yamesafiri. Mito ya Kilombero na Luwegu ikikutana ndipo Rufiji unapoanza, kisha Ruaha Mkuu unaleta maji ya nyanda za juu. Asubuhi mto una rangi ya chai ya maziwa. Furukombe analia juu ya mti, na mdiria anajitupa majini kama jiwe, anatoka na kisamaki mdomoni. Ukishika mshipi huwezi kuperuzi simu. Kidole chako chote kinasikiliza.

Babu jirani yangu, Mwislamu na mwenyeji wa hapa, ndiye aliyenifundisha kuchomeka chambo. Kabla ya ndoana, alinipa onyo: "Mjukuu wangu, kaa juu ya ukingo. Maji usiyakanyage." Mamba wapo, viboko wapo. Huo nao ni unyenyekevu: kujua kwamba mto huu una viumbe wengine, na mwenye mto ni Mungu.

Mtazame na perege mwenyewe. Ni wa ukoo mmoja na samaki wa Ziwa la Galilaya ambao watu huwaita samaki wa Petro. Jike huweka mayai yake mdomoni mpaka yaanguliwe. Vitoto vikitoka na kuona hatari, vinakimbilia humo humo mdomoni. Siku hizo mama karibu hali kitu. Mimi nikikumbuka hilo, namkumbuka Mungu anayetubeba.

2. CHUKUA KWA KIASI

Hapa ndipo pagumu. Ndoana inaleta samaki wachache. Chandarua kikikokotwa kwenye maji madogo kinazoa kila kitu, pamoja na vile vitoto vilivyotoka mdomoni mwa mama juzi tu. Wengine hutumia sumu, jambo ambalo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inalikataza. Kijana asiye na kazi, mwenye wadogo zake wanaosubiri mboga nyumbani, anajaribiwa kweli. Simhukumu. Ila kesho yake wadogo zake wale wale watakula nini, mto ukiwa mtupu?

Rudi kwenye Injili. Wanafunzi walivua usiku kucha bila kupata kitu. Alfajiri, kwa neno la Yesu, walipata samaki wakubwa 153, na wavu haukuchanika. Lakini angalia mstari wa 9. Walipofika nchi kavu walikuta moto umeshawashwa, samaki juu yake, na mkate. Yesu alikuwa ameshaandaa kifungua kinywa kabla hawajamletea samaki wao. Halafu akawaambia walete na wao kidogo. Kwanza tunapewa, ndipo nasi tunachangia. Anayeamini hivyo hana sababu ya kunyang'anya.

3. SHUKURU BILA KUDANGANYA

Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Rufiji na Kibiti. Mashamba yalifunikwa, watu wakahama nyumba zao. Je, mtu anaweza kuusifia mto huu mbele ya jirani aliyepoteza mahindi yake yote?

Ni kweli kwamba maji yakipanda yanaingia kwenye maziwa ya bondeni kama Ruwe na Zumbi, samaki wanatawanyika na kuzaliana. Yakishuka yanaacha udongo wenye unyevu, na wazee wanalima mlau. Lakini ukweli huo usiutumie kumfunga mdomo anayelia. Mpelekee unga kwanza.

Mtakatifu Fransisko wa Assisi alitunga Wimbo wa Viumbe, ambamo anamsifu Mungu kwa jua, maji na viumbe vingine, akiwa mgonjwa na karibu kipofu. Sifa zake hazikungoja mambo yawe mazuri. Na ziwa lile ambalo Yesu aliandaa chakula kando yake ndilo lililokaribia kuwazamisha wanafunzi siku ya dhoruba (Marko 4:35-41). Walilijua kwa pande zote mbili, na wakamkuta Bwana huko huko.

ZOEZI LA WIKI HII

Tafuta mto, bwawa au ufukwe ulio karibu nawe. Nenda na mwenyeji anayepajua. Zima simu, kaa saa moja, ukiwa na ndoana au bila ndoana. Taja kwa majina viumbe 5 ulivyoviona na umshukuru Mungu kwa kila kimoja. Ukipata samaki, mmoja mpelekee jirani.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE JUMUIYA

- Ni kitu gani tunachukua kupita kiasi hapa kwetu, na nani ataumia?
- Katika Laudato Si' (2015), Papa Fransisko aliiita dunia nyumba yetu ya pamoja. Sisi na majirani zetu Waislamu tunaweza kuitunzaje kwa pamoja?
- Kuna nani aliyeumizwa na mafuriko au ukame ambaye bado hatujamtembelea?

SALA

Ee Bwana uliyewasha moto ufukweni, tufundishe kungoja bila manung'uniko, kuchukua bila uroho, na kushukuru bila kumsahau anayelia. Amina.